Siku Tuliyompeleka Baba Mbugani Kwenye Ndege

Baba anapenda ndege kuliko redio, na kwa mzee wa Koboko hilo si jambo dogo. Macho yake yalipoanza kufifia, mimi ndiye niliyebaki naye. Namtia dawa ya macho, namkata kucha, namtolea miiba ya samaki. Basi dada yangu mkubwa alipokuja kutoka Kampala na darubini mpya, akasema tumpeleke baba kwenye hifadhi ya wanyama kule mbugani karibu na Nile, sikuwa na shaka ni nani atakayekuwa macho yake. Kumbe nilikuwa najidanganya.

Tuliondoka Arua alfajiri, tukapita Ajia, tukala vumbi mpaka tukafika. Nyasi kiunoni, hakuna nyumba, hakuna mtu ila askari wa hifadhi. Tulimkalisha baba kwenye kiti cha plastiki. Sijafungua hata chupa ya chai, akamgeukia dada.

"Mutoto yangu, iko nini kule?"

"Keremkerem, baba. Iko mingi, nyekundu yote."

Baba akacheka. Kicheko hicho nyumbani sikisikii.

"Na huku iko korongo, baba," nikasema.

"Ngoja kwanza. Dada yako iko naniambia."

Niliona wivu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi mwenyeji nilizidi kuugua. Asubuhi nzima nilimiminia watu chai huku dada akimhesabia baba rangi za mabawa, na baba akidai nyingine, na nyingine tena.

Mchana tulipumzika nje ya lango la hifadhi, chini ya kivuli cha gari, mimi na baba tumekaa kwenye viti bega kwa bega. Dada alikuwa amefuata ndege na darubini yake. Hatua chache mbele yetu palikuwa na kichuguu, na ardhi bado ilikuwa na unyevu wa mvua ya jana. Kwetu kumbikumbi hawasubiriwi. Unagonga vijiti juu ya ubao pale kichuguuni mpaka wadhani mvua imerudi, watoke. Baba ndiye aliyetufundisha sisi wawili tukiwa wadogo. Niliinuka kimya, nikaokota kipande cha ubao na vijiti viwili, nikaanza kugonga. Kwanza kwa hasira, halafu polepole, kwa mapigo ya baba mwenyewe.

Baba akainua kichwa. Kiganja chake kikaanza kufuatisha juu ya goti.

"Eh! Unasikia?" akakiambia kiti changu kitupu. "Mukono ya dada yako haijasahau."

Niliendelea kugonga. Kumbikumbi wakaanza kutoka, keremkerem wakashuka juu yetu kwa kelele kuwadaka, na dada akaja mbio, anahema, kumweleza baba habari za ndege hao. Baba akamshika mkono.

"Umepiga muzuri sana, mutoto yangu."

Dada hakujua anasifiwa nini.

"Asante, baba," akasema, akaketi kwenye kiti changu.