Msumari Usio na Mtakatifu

Vitomir fundi majiko alikuwa na msumari. Aliupigilia mwenyewe kwenye ukuta wa mashariki wa sebule yake, mwaka ule Chama cha Kikomunisti kilipolegea na watu wakaanza kuzishusha picha za watakatifu wao kutoka darini, na kwa miaka ishirini na minane hakuna kilichotundikwa pale ila vumbi. Mji mzima ulimjua kwa msumari huo kuliko hata kwa majiko yake, ambayo, tuseme ukweli, yalikuwa mazuri.

Mtu wa kwetu Serbia anaweza kukosa ng'ombe, akakosa meno, hata akili akakosa, na bado akaishi bila wasiwasi. Mtakatifu wa nyumba hakosi. Mtoto wa kiume anamrithi kwa baba yake kama anavyorithi pua, na siku ya mtakatifu huyo ikifika, nyumba inawasha mshumaa, inakata mkate na kumlisha kila anayeingia. Tena hakuna anayealikwa. Ukimwalika mtu umemtukana, maana aliye wako anaijua siku na anakuja mwenyewe.

Vitomir alilelewa kwenye nyumba ya watoto yatima, ambako picha pekee ukutani ilikuwa ya kiongozi, na kiongozi hakuwa na siku ya kulisha mtu. Jina la ukoo alipewa na mkuu wa pale. Asili hakupewa. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, lakini mtu ambaye asili ndiyo iliyomwacha hawakumsemea neno, pengine walikuwa wamechoka siku hiyo.

Kazi yenyewe ilimtia chumvi kwenye kidonda. Fundi wa majiko ya matofali huingia kila nyumba, na Vitomir akiingia alitazama ukuta kabla ya kutazama dohani. Huyu ana Nikola, yule ana Dimitri, hawa wa karibu na kinu wana Luka. Aliwajua watakatifu wote wa mji na hakukaa meza ya hata mmoja wao, kwa sababu ya kiburi: anayekula kwa watu sharti naye awe na siku ya kulisha watu, na yeye siku hana. Meza pekee aliyoifahamu ilikuwa ya baba mkwe wake, siku ya Mtakatifu Georgi. Pale mgeni akivuka kizingiti hupewa kwanza kijiko cha ngano iliyochemshwa na kuchanganywa na jozi na sukari, anafanya ishara ya msalaba, anakula, ndipo mengine yanafuata. Hayo ndiyo yote aliyoyajua, na alidhani anayajua yote.

Mke wake Živka alimwambia tangu mwanzo amchukue huyo Georgi. Baba yake hakuwa na mtoto wa kiume, na mzee mwenyewe alikuwa radhi mpaka kufa kwake. Vitomir akakataa katakata. Mwanamume anayechukua mtakatifu wa mkewe huku kwetu huitwa bwana aliyeolewa, na mzaha huo humfuata mpaka kaburini. Padri naye akamshauri achague yeyote ampendaye, mbinguni hawakagui vyeti.

"Mtakatifu si kofia, baba padri," akasema Vitomir, "kwamba nijaribujaribu mpaka nipate ya kunitosha."

Na juu ya hayo yote kulikuwa na jirani yake, Miloje, mwenye ulimi kama msumeno. Kila vuli alijiegemeza kwenye ua na kuuliza kwa upole wa kinafiki: "Jirani, yako lini? Nisije nikapitwa."

Basi Vitomir akatafuta. Miaka kumi na mmoja alizungushwa, kutoka ofisi hadi ofisi, faili limehama, faili limelowa, mhusika yuko likizo. Hatimaye akaitwa kwa karani mmoja mstaafu ambaye jiko lake lilikuwa likirudisha moshi chumbani. Akatoa kiota cha ndege kwenye dohani, wakaongea, na yule mama akakumbuka kwamba madaftari ya nyumba ya yatima yalipita mikononi mwake. Baada ya wiki mbili akamletea karatasi yenye mstari mmoja: mama, Stamena, wa nyumba ya Pantelić, kijiji cha Gornji Lubac. Baba, kistari.

Gornji Lubac ni kilomita ishirini na mbili kutoka kwa Vitomir. Alikuwa amejenga majiko mawili kijiji cha chini yake.

Aliulizauliza kwa hila, kama mtu anayetafuta kazi, akaambiwa kwamba Wapantelić ni watu wa Malaika Mkuu Mikaeli, tarehe ishirini na moja Novemba. Mtu mwingine angepanda kesho yake akabisha hodi. Vitomir akakataa. Siku ya kawaida mtu huulizwa amefuata nini, naye hakutaka kuomba. Siku ya mtakatifu haulizwi mtu. Akangoja hadi Novemba, na njiani akajiwekea sharti lake mwenyewe: wakinipa ngano, nitawaambia mimi ni nani, wasiponipa, nimepata jibu.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, amebeba chupa ya mvinyo na pakiti ya kahawa.

Mlango ulifunguliwa na bibi mdogo wa umbo, kitambaa cheusi kichwani. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akamkaribisha. Vitomir akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akasimama pale pale kizingitini. Bibi akangoja aende mezani. Yeye akangoja kijiko. Wakasimama hivyo wote wawili kama ng'ombe kwenye lango lililosahauliwa kufunguliwa. Ndani aliuona mshumaa, mkate, nguruwe wa kuchoma, sarma, yaani nyama iliyoviringishwa kwenye majani ya kabichi, zinatoa mvuke, na mzee wa masharubu anatafuna bila haraka. Ngano hakuiona.

"Kaa, mwanangu," bibi akasema, na kummiminia kikombe cha pombe ya plamu.

Pombe hupewa hata mpita njia, Vitomir akawaza. Ngano hawakunipa. Akaweka chupa na kahawa juu ya kasha, akasema samahani, amekosea nyumba, akageuka. Alishuka mlima kwa miguu kwenye matope, tumbo tupu, na machozi yanamtoka waziwazi kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuyaona.

Nyumbani akamweleza Živka. Alipofika kwenye ngano, mke wake akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta macho kwa aproni, akaanza upya.

"Ngano ni ya wafu, mume wangu," akasema alipopata pumzi. "Georgi alikatwa kichwa, ndiyo maana tunamchemshia. Mikaeli ni malaika, hajafa hata siku moja. Nani atamchemshia mzima? Hata watoto wanajua."

Watoto waliokulia kwenye nyumba, ndio, wanajua. Vitomir alikwenda kusafisha dohani ambayo alikuwa ameisafisha juzi.

Angeweza kurudi kesho yake, maana sikukuu ina siku ya pili, lakini siku ya pili ni ya mabaki, na yeye hakungoja miaka sitini na mmoja ili ale mabaki. Hivyo ndivyo alivyosema. Ukweli ni kwamba aliona haya, na haya ya mtu mwenye kiburi ni nzito kuliko gunia la saruji. Akangoja mwaka mwingine. Miloje aliuliza, "Yako lini, jirani?" na kwa mara ya kwanza Vitomir akamtazama usoni bila kumjibu vibaya, mpaka Miloje mwenyewe akashtuka na kuuliza kama yu mzima.

Novemba ilipofika, mlango wa Pantelić ulifunguka kabla hajabisha. Meza ilikuwa imeandaliwa sahani kumi na mbili. Mtu hakuwepo. Mzee wa masharubu, mume wa yule bibi, alifariki kiangazi, na wana wawili wa bibi huyo, aliyeitwa Desanka, mmoja alikuwa Viena na mwingine Chikago, ambako siku ya Mikaeli ni siku ya kazi kama nyingine.

"Mwaka jana uliondoka kabla ya supu," Desanka akasema, na kumvutia kiti.

Vitomir hakukaa. Alikuwa na hotuba aliyoifanyia mazoezi mwaka mzima kwenye dohani za watu, akaisahau yote.

"Mama yangu aliitwa Stamena."

"Najua. Alikuwa dada yangu." Bibi akashika ukingo wa meza. "Ulisimama pale kizingitini umeegemea mguu mmoja, sawasawa na yeye siku baba alipomfukuza na tumbo lake. Nikasema, mtoto amekuja kutuona tulivyo, ametuona, ametudharau na kwenda zake. Nikasema, ana haki."

"Nilikuwa nangoja ngano."

"Ngano gani?"

Akamweleza, kichwa chini. Desanka hakucheka kama Živka. Alilainisha kitambaa cha meza kwa kiganja.

"Ngano ya Stamena niliipika mimi," akasema. "Alirudi mwaka wa saba tangu afukuzwe, kwenye sanduku, kutoka kiwandani kaskazini. Mapafu. Baba hakula hata punje. Mimi nilikula kijiko cha kwanza na sijui kama nilitafuna."

Ndipo Vitomir akakaa. Bibi akamwekea supu, naye akaila huku analia, na supu ikawa na chumvi nyingi, wala hakuna aliyelalamika. Mwaka mzima mmoja alikuwa bondeni akiamini amenyimwa, mwingine mlimani akiamini amedharauliwa, kisa kijiko. Desanka akaeleza kwamba hata mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa bwana aliyeolewa: aliingia nyumba hii isiyo na mtoto wa kiume, akamchukua Mikaeli wao, watu wakacheka wiki mbili, kisha wakaja kula miaka arobaini. Vitomir alilisikia hilo, akalimeza pamoja na sarma.

Kisha akasema lile alilolijia.

"Mama mdogo, sasa naweza kumchukua Mikaeli."

Lilikuwa neno geni kinywani mwake, mama mdogo, akalitamka taratibu kama anayejaribu barafu kwa mguu. Desanka aliinuka, akapanda kijibao, akaishusha picha ya malaika kutoka ukutani, nyeusi kwa moshi wa mishumaa ya karne nzima, akaiweka mbele yake.

"Ni haki yako. Ilikuwa ya babu yako, wanangu hawatakuja kuidai. Sitasema kitu." Lakini akasema. "Ila fikiri, mwanangu. Ukimchukua, tarehe ishirini na moja utakuwa kwako, mlango wazi, unangoja wageni. Na mimi nitakuwa hapa, mlango wazi, nangoja wageni."

Vitomir akaitazama picha. Miaka ishirini na minane ya msumari, sasa ishirini na tisa. Miaka kumi na mmoja ya ofisi. Miloje kwenye ua. Kitu chenyewe kiko hapa, mbele ya kikombe chake, kwa haki, kwa damu, kwa karatasi, na mwenye kukitoa amekitoa. Akahesabu sahani. Kumi na moja zilikuwa safi.

Akapanda kijibao akamrudisha Mikaeli mahali pake, akanyoosha upande uliopinda, kisha akaomba sarma nyingine. Jioni alishuka mlima na mtungi wa pilipili za siki kwapani. Živka alipomuuliza mtakatifu yuko wapi, akasema yuko kwake.

Mei iliyofuata, siku ya Mtakatifu Georgi, mlango wa Vitomir ulikuwa wazi tangu asubuhi. Živka alikuwa amepika ngano ya kulisha kikosi. Saa nzima hakuja mtu, na Vitomir alizunguka meza akisogeza vijiko vilivyokuwa sawa, uso umempauka. Wa kwanza kuingia akawa Desanka, ameletwa na gari la maziwa, ana keki kwenye ungo. Wa pili akawa Miloje, amenyoa, na ulimi wake uko tayari.

"Kumbe umeolewa, jirani."

"Nimeolewa," Vitomir akasema, akamkabidhi kijiko. "Kula ngano."

Georgi ametundikwa ukuta wa mashariki kwenye msumari mpya alioupiga Živka mwenyewe, shubiri moja kutoka ule wa zamani. Ule wa zamani hakuna anayeugusa. Una koti jeusi la Vitomir, analolivaa mara moja kwa mwaka, tarehe ishirini na moja Novemba, kwenda mahali ambapo hajawahi kualikwa.