Kinyama Ndani ya Nta

Nimeshaungama kwa shangazi na kwa daktari, kwa hiyo sasa naweza kuandika. Niliambiwa nisikifungue, nikakifungua.

Kilikuwa kipande cha nta, kikubwa kama kifutio, kimebanwa kwenye kikasha cha plastiki chenye namba. Ndani ya nta mlikuwa na kinyama kutoka pafu la kushoto la shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye tunaishi naye Nyegezi. Alikuwa amekohoa kwa miezi, na sisi nyumbani tulishajiamulia kwamba ni kifua kikuu. Kipimo kikasema hapana. Picha ikaonyesha uvimbe, wakampitishia mrija wakachukua kinyama, na majibu yakaja kwamba ni saratani.

Shangazi ni fundi cherehani na hajawahi kuvuta sigara. Hilo ndilo lililowasumbua watu. Kila aliyekuja kumwona alizunguka weee, mwisho akauliza kama ujanani hakuwahi hata kujaribu. Shangazi aliwajibu wote vilevile: "Labda nilivuta nikiwa nimelala."

Daktari wake, dada mmoja anayeongea taratibu, alitueleza kwamba saratani ya mapafu si ugonjwa mmoja. Iko ya seli ndogondogo, inayokimbia sana, na mara nyingi hiyo huwapata wavutaji. Ziko na nyingine. Ya shangazi ilianzia kwenye seli zinazotengeneza ute, na hiyo huwapata hata wasiovuta. Halafu ndani ya hiyo nayo kuna mafungu, kutegemea ni jeni ipi imebadilika. Kama kwenye uvimbe wa shangazi lingekutwa badiliko kwenye jeni moja yenye jina la herufi nne, angekuwa anameza kidonge kila siku nyumbani. Lisipokutwa, angeanzishiwa dripu, na daktari hakutuficha kwamba kwa jinsi alivyokonda, dripu zingemchosha vibaya. Kipimo chenyewe hufanyika Dar es Salaam. Walichohitaji ni ile nta waliyohifadhia kinyama.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya baba, naandika kwenye kiganja. Shuleni tulishafundishwa mabadiliko ya jeni, kwa Kiingereza, na nilipata alama zote kwa sababu nilikariri. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu nilichokariri kinaweza kuwa ndani ya mtu ninayekula naye. Nilikuwa na maswali kama kumi. Sikuuliza hata moja, maana mbele ya watu wazima maswali yangu huishia kiganjani.

Siku ya kuchukua nta baba alikuwa kazini, nikatumwa mimi. Mtu wa maabara alinikabidhi bahasha, akaniambia nisiifungue na nisiiweke juani. Nikaitia kwenye mkebe wangu, pamoja na rula na bikari. Kesho yake asubuhi ingeondoka na basi, na baba mdogo angeipokea Dar.

Nyumbani bibi, aliyekuwa amekuja kutoka Magu kumuuguza binti yake, alikataa. Alisema mwanawe si mzigo wa kupakiwa na magunia ya dagaa, na kipande cha mtu kikitoka kwao lazima kijulikane kimelala wapi.

"Kikipotea njiani?" akauliza.

"Mama, hicho ndicho kinachonila," shangazi akamjibu. "Na wewe unakililia?"

Bibi hakucheka. Walibishana kwa Kisukuma mpaka bibi akatoa sharti kwamba kikishapimwa kirudi. Wakati wanabishana, mimi nilikuwa chumbani dirishani, bahasha nimeshaifungua.

Nitasema ukweli. Kwa dakika zile nilisahau kabisa kwamba shangazi anaumwa. Niliinua nta kwenye mwanga nikaona vipunje vyeupe vitatu, kama chenga za mchele. Basi, ni hivyo tu? Nilitaka kujua kama ni vigumu au laini, nikapitisha ukucha. Ukachuna uzi mwembamba wa nta, na sikujua kama umeondoka na kitu. Nikarudisha kila kitu ndani, nikabandika bahasha, kesho yake ikapanda basi.

Baada ya hapo sikulala vizuri wala sikula vizuri. Nilipiga hesabu moja tu kichwani: kama kilichotoka na ukucha wangu ndicho kilichokuwa na badiliko, shangazi atakosa vidonge kwa ajili yangu. Siku ya nne nikamwambia akiwa anakunja vitambaa. Alimaliza kukunja kile alichoshika, kisha akasema kesho ni kliniki, nitakwenda naye na nitasema mwenyewe.

Nilimwamkia daktari shikamoo, kisha nikasema yote nikiangalia meza. Hakunifokea, lakini hakunibembeleza pia. Alisema kama nimekwangua nta tupu, hakuna neno. Kama nimekwangua kinyama, maabara watasema hakitoshi, na shangazi atapitishiwa mrija tena.

"Lakini seli za uvimbe huo huzaana zikiwa na badiliko lilelile," akaongeza. "Kama lipo, halikukaa kwenye punje moja."

Nadhani kwa kuwa nilishasema lililo baya zaidi, maswali yakatoka. Nikauliza seli inajuaje kuacha kugawanyika. Nikauliza, na hili ndilo bibi alilokuwa akiliwaza, maana alishaanza kuwataja ndugu zake wote waliokufa wakikohoa, kama shangazi alizaliwa na badiliko hilo. Daktari alisema mabadiliko ya aina hii kwa kawaida mtu hazaliwi nayo. Hutokea ukubwani, ndani ya pafu lenyewe. Jeni hiyo kazi yake ni kuiambia seli igawanyike inapohitajika. Ikiharibika, inaamuru bila kukoma. Akilini nikamwona kiranja anayepiga kengele ya shule kutwa nzima bila kutumwa na mtu.

"Umemaliza?" shangazi akaniuliza. "Na mimi nina yangu ya kuuliza."

Majibu yalikuja wiki ya tatu, kwenye simu ya baba, na daktari akatusomea kliniki. Kinyama kilitosha. Badiliko lilikuwepo. Alituonya kwamba vidonge haviponyi. Vinaubana uvimbe, na siku moja unaweza kubadilika tena ukavizoea. Baba aliinama akafuta miwani. Mimi nilitaka kuuliza unabadilikaje tena, na nikauliza.

Shangazi ameshameza vidonge kwa wiki tatu. Kikohozi kimepungua, na juzi alimaliza sketi mbili kwa siku moja. Ila uso umemtoka vipele, kidevuni na puani, jambo ambalo daktari alisema tulitegemee. Jana alisimama mbele ya kioo changu akijitazama kwa hasira.

"Umri huu," akasema, "chunusi kama mtoto wa kidato cha pili. Wewe zako ulizitoaje?"

Nikamwambia sikuwahi kuzitoa, zilichoka zenyewe. Akanisonya. Kisha akaniagiza nichukue daftari niandike vipele vimeanza lini na viko wapi, ili kliniki ijayo mimi mwenyewe nimsomee daktari, bila kuangalia meza.