Kichaka Kilichomtia Jirani Yetu Hatiani

Mpaka leo nikiyaona yale maua kando ya barabara ya Chepilat, hasira hunipanda.

Ilikuwa kiangazi kimoja cha miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nikimchunga ng'ombe wetu wa maziwa, mweusi mwenye mabaka meupe. Nyasi zilikuwa zimekauka, kwa hivyo nilimfunga kando ya barabara ajitafutie. Baada ya siku chache macho yake yaligeuka manjano, akawa analikimbia jua, na ngozi ya yale mabaka meupe ikaanza kubambuka.

Baba hakuuliza mtu. "Ni yule mama wa ndizi," akasema. "Amemwekea sumu."

Mama wa ndizi alikuwa jirani yetu, mjane wa kabila jingine, kutoka upande wa Nyamira. Kiangazi chote tulichota maji kwake. Baba akalirudia neno lake sokoni mbele ya watu, nao wakaanza kumwita mchawi. Jumapili iliyofuata alipoketi kanisani, benchi zima lilihama. Watu waliotoka tu kuimba kuhusu upendo!

Mimi nilikuwa nimemwona ng'ombe akitafuna kichaka chenye maua madogo ya rangi ya waridi na manjano, yaliyoshonana pamoja kama kifungo. Nikavunja tawi, nikampelekea daktari wa mifugo sokoni. Alisugua jani, akalinusa.

"Hii ni lantana," akasema. "Si mmea wa hapa. Ililetwa kupamba bustani, ikatorokea barabarani. Ng'ombe akiila, ini linaharibika, kisha jua linamchoma. Nani alimfunga hapo?"

"Ni mimi."

"Basi hakuna mchawi."

Alikuja nyumbani akamweleza baba hayo hayo, akamtibu ng'ombe, naye akapona polepole. Baba akaamuru kichaka kikatwe.

"Na mama wa ndizi, baba? Utaenda lini kumwomba msamaha?"

"Mzee haombi msamaha kwa sababu ya majani. Nyamaza."

Nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta jikoni akichochea moto.

"Asante, mtoto wangu," akasema. "Lakini baba yako alinitaja mbele ya watu. Wewe unanisafisha hapa jikoni, tuko wawili tu."

Jumapili niliketi karibu naye. Hakuna mwingine aliyekuja.

Kabla ya mwaka kuisha alirudi kwa ndugu zake. Na majirani zetu, wote wakijua alichosema daktari, wakatikisa vichwa: "Mnaona? Asiye na hatia hakimbii."