Tanuri Lililobarikiwa Vitshumbi

Mume wangu husema mimi ningeweza kumwomba kitambulisho hata mtoto anayenyonya. Hajakosea sana. Mimi ni wakili hapa Goma, na kazi yangu ni alama za biashara, haki za watunzi na uvumbuzi, kazi ambayo wenzangu waliicheka mpaka juzi juzi. Siku hizi wao ndio wananipigia simu. Basi nilipofunga safari ya Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa ng'ambo ya mbuga, sikwenda kutalii. Nilikwenda kumkamata mwizi, na jina lake nilikuwa nalo tayari.

Mteja wangu ni Mama Kavira, mwenyeji wa Butembo aliyehamia mtaa wa Katoyi hapa Goma na kufungua karakana uani kwake. Alibuni tanuri la kukaushia samaki. Chini ya tanuri alipanga tabaka za mawe ya volkano, yale yale tunayojikwaa nayo kila siku mjini. Moto unayachoma mawe, kuni zinatolewa, na mawe yanaendelea kutoa joto. Moshi nao unapita katikati ya mawe na kuacha masizi yake humo, samaki anatoka mwekundu na safi. Nimemla, sina la kubisha.

Ndipo kampuni moja ya mbali ikamtuma mtu wake Katoyi. Alimwambia Mama Kavira aache kutengeneza matanuri hayo, kwa sababu wao wana hataza, yaani ile karatasi ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kukizuia kitu chake kisitengenezwe na wengine. Mchoro wao ulikuwa tanuri lile lile la Mama Kavira, mawe na yote. Karakana ile ndiyo inayolisha nyumba yake. Ikifungwa, hana pengine.

Nilimuuliza swali ambalo kila wakili wa kazi hii huuliza kwanza: je, kabla ya kampuni kupeleka maombi yake, aliwahi kumwonyesha mtu tanuri? Kitu kilichokwisha kuonekana hadharani si kipya tena, na kisicho kipya hakipewi hataza, hata aombe nani.

"Hapana, Maître," akasema, kama wakili anavyoitwa huku. "Hata mutu moja."

"Hata jirani?"

"Hata jirani. Ni mimi, na ule shemeji yangu Paluku, mwenye alichomelea vyuma. Ya kwanza tulitengeneza kwake, Vitshumbi."

Paluku ni mume wa mdogo wake. Tangu yule mtu wa kampuni aje, Mama Kavira alikuwa hasemi naye. Kwangu hesabu ilikuwa nyepesi: siri ilijulikana na watu wawili, mmoja analia, kwa hiyo mwingine ameuza. Tukithibitisha kwamba Paluku aliichukua na kuipeleka kwa kampuni, tunaweza kudai hataza yenyewe ihamie kwa Mama Kavira. Asingenusurika tu, bali angekuwa mwenye mali. Nilikubali kwenda naye nikamhoji mtu huyo uso kwa uso.

Asubuhi, Katoyi. Gari la kukodi lilifika kabla ya wakati, jambo ambalo halikunifurahisha, kwani dereva wa Goma anayewahi ana sababu yake. Nililizunguka, nikabonyeza magurudumu, nikamwomba dereva leseni. Mama Kavira naye alikuwa na ukaguzi wake. Alitoa kwenye mkoba kichupa cha maji ya baraka, akainama, akanyunyizia gurudumu moja la mbele.

"Hii moja ni mupya," akanieleza. "Kitu mupya haianze kazi bila baraka."

Nililiona hilo kwa macho yangu mawili, nikapanda gari, nikafunga mlango. Nililipwa kushuku kila kitu, na hilo nikaliacha lipite.

Dereva aliuliza tunakwenda kufanya nini huko. Nikamwambia msiba. Akauliza nani amekufa.

"Bado," Mama Kavira akajibu, akitazama nje ya dirisha.

Dereva akaongeza mwendo.

Kibumba, njiani. Baridi ilikuwa kali na ukungu umeshuka mpaka kwenye kabichi. Kwenye kizuizi cha barabarani walinzi walisoma vitambulisho vyetu polepole, nami nikawasoma wao. Tulipokuwa tunangoja, nilirudia kichwani mafunzo tuliyopewa mawakili wa mjini majuma machache nyuma. Mkufunzi alitusisitizia jambo moja ambalo zamani hatukuhangaika nalo: picha na video za simu sasa zinaamua kesi, lakini video iliyotumwa kutoka simu moja hadi nyingine imeshapoteza tarehe yake na haina nguvu. Tafuteni simu iliyorekodi, alisema, na msiiache itoke machoni. Nilipanga nikifika niombe simu ya Paluku. Nilikuwa na hakika humo nitakuta mazungumzo yake na kampuni.

"Akikataa?" Mama Kavira aliuliza.

"Akikataa tutajua."

"Ni mutu wa sala, ule," akasema kwa sauti ya chini. "Njo kitu inaniuma."

Mji wa Kiwanja, mchana. Gari liliishia hapo. Tulikula maharage kwa haraka, tukachukua pikipiki mbili na kuingia njia ya mbugani. Jua lilikuwa la aina nyingine kabisa, kavu na la kuchoma. Dereva wangu wa pikipiki alinionyesha viboko, mimi nikawa natazama kioo chake kuona nani anatufuata. Hakuna aliyetufuata isipokuwa Mama Kavira, ameshika mkoba kwa mikono yote miwili na midomo ikicheza sala.

Vitshumbi. Korongo, wale ndege wakubwa wenye vipara, wanatembea katikati ya watu utadhani nao wamekuja kununua tilapia. Lakini sikuwatazama sana. Uani kwa nyumba ya kwanza kulikuwa na tanuri. Uani kwa ya pili kulikuwa na jingine. Mlango wa chini, tabaka za mawe meusi ambayo huku hayapo na lazima yaletwe kwa gari, trei juu ya trei. Wanawake walikuwa wanageuza samaki bila haraka. Tanuri ambalo hata jirani hakuliona lilikuwa uani kwa kila nyumba.

Mama Kavira alisimama barabarani. Damu ilinichemka kwa niaba yake. Nikajisemea, huyu bwana hakuuza kwa kampuni tu, amekiuzia kijiji kizima.

Kwa Paluku tulipokelewa na Kavugho, mdogo wake Mama Kavira, aliyemkumbatia dada yake na kukataa kumwachia. Paluku mwenyewe alitoka nyuma ya nyumba, mrefu, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso. Aliona mkoba wangu wa kazi, akaelewa mimi ni nani.

"Karibu, Maître. Karibu, shemeji. Mutakula kwanza?"

Sikula. Mimi chakula cha mshukiwa sili. Nilimuuliza pale pale amewauzia watu wangapi tanuri lile.

"Mimi sikuuza. Watu walijitengenezea."

"Wakitazama nini?"

"Si waliona?"

"Waliona wapi?"

Akamgeukia shemeji yake, akadhani labda ni mtego. "Kwa kanisa," akasema. "Siku ya baraka."

Nilimtazama Mama Kavira. Hakuonyesha kushtuka hata kidogo, na hilo lilinishtua mimi.

"Mama, tanuri lilipelekwa kanisani?"

"Eh. Lilikuwa mupya."

"Na mimi nilikuuliza kama ulimwonyesha mtu."

"Sikuonyesha watu, Maître. Nilionyesha Mungu."

"Na waliojaa kanisani?"

"Wale walikuja kwa misa."

Hakuwa ananidanganya. Nimehoji waongo wengi, najua wanavyomeza mate. Kwake baraka haikuwa kuonyesha, kama vile kuungama si kutangaza habari. Nilikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

Paluku ndiye aliyenimalizia. Ilikuwa sikukuu ya parokia ya hapo Vitshumbi. Waliliweka tanuri mbele ya altare, na padri, kabla ya kunyunyizia maji, alimwomba mama aeleze kitu chenyewe ili watu wajue wanaombea nini. "Na alieleza muzuri! Alitoa mawe moja moja, akafungua kila mulango. Mimi nilichomelea ile kitu, lakini ni siku ile njo nilielewa juu ya nini inafanya kazi."

Nikaomba simu yake. Hakusita. Ilikuwa simu kuukuu, kioo kimepasuka kona, na video ilikuwa humo humo iliporekodiwa, na tarehe yake. Alikuwa ameirekodi kwa sababu alijivunia shemeji yake. Mazungumzo na kampuni niliyatafuta, nakiri, mpaka kwenye ujumbe wa mafundi wenzake. Hapakuwa na kitu.

Tuliitazama wote wanne. Mama Kavira yuko mbele ya altare amevaa kitenge cha sikukuu, anainua jiwe, anaeleza moshi unapita wapi, na kanisa zima linanyoosha shingo. Kavugho akaanza kulia kwa furaha. Mimi nilitazama tarehe. Ilikuwa mwaka mzima na zaidi kabla kampuni haijapeleka maombi yake.

Ikanibidi niwaeleze wazi. Video hii inaiua hataza ya kampuni, kwa sababu siku walipoomba, tanuri lilikwisha kuonekana na parokia nzima. Lakini inaua na matumaini yetu. Hata zile sheria zinazompa mvumbuzi muda mfupi wa kusamehewa baada ya kukionyesha kitu chake, kwetu muda huo ulishapita. Tanuri hilo haliwezi tena kuwa la mtu mmoja.

Paluku alivua miwani. "Na kama hii video haiko? Kama mimi nasema niliiba, nikauza?"

"Paluku!" Kavugho akasema.

"Ninauliza Maître."

Nilimjibu ukweli, kwamba hapo tungekuwa na ile kesi niliyokuja nayo, na kwamba mimi sitaibeba nikijua ni uongo. Lakini mawakili ni wengi, na simu ilikuwa yake. Angeweza kuifuta jioni hiyo na asingejua mtu. Nilimtazama Mama Kavira. Nilimshuku hata yeye wakati ule, kwa nini nisiseme. Ni mali ya maisha yake.

Alikuwa bado ameshika simu.

"Miezi hii yote nilikuwa nakuita mwizi bure," akamwambia Paluku. "Sasa nikuite mwizi kwa karatasi ya mahakama?" Akamrudishia simu. "Ibebe muzuri. Utakuja nayo Goma. Na tuleteeni chakula, huyu Maître ana njaa."

Nilikula samaki wawili.

Kurudi. Tulikuwa watatu, kwa kuwa simu ile haikutakiwa kutoka mkononi mwa mwenyewe. Dereva wetu alitungoja Kiwanja. Alipotuona tumeongezeka badala ya kupungua, alitaka kuuliza jambo, akaliacha. Kibumba tulisimama Mama Kavira anunue viazi.

"Kwa hiyo haiko yangu tena," akasema.

"Ni yako kuitengeneza. Si yako kuwakataza wengine."

Alilia hapo hapo, kando ya magunia, na muuza viazi akadhani ni bei. Nilimwonea huruma sana. Paluku alibeba viazi garini, akavipanga, akavipanga tena, ili asitutazame.

Goma. Tulimwonyesha wakili wa kampuni ile video, simu ikiwa mkononi mwa Paluku. Aliitazama mpaka mwisho, akaomba aitazame tena. Baadaye kampuni ilirudi nyuma na kuacha vitisho vyake, na karakana ya Katoyi inagonga vyuma mpaka leo. Jinsi kampuni ilivyolipata tanuri sijajua. Kwenye kona ya video yupo mwanaume mmoja aliyeinama kutazama chini ya tanuri kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa sala. Nimemkuza mpaka akawa madoa. Simjui, Paluku hamjui, na bado ninamtafuta kila ninapoingia mahali penye watu.

Nilichojifunza nimekiweka kazini. Zamani nilikuwa namuuliza mteja kama amewaonyesha watu kitu chake, na kila mmoja aliapa kwamba hapana. Sasa naanza na hili: kimebarikiwa? Mnacheka, wenzangu, lakini jaribuni, mtashangaa wanavyotulia kabla ya kujibu.

Mama Kavira amebuni kingine. Ni kitu cha kuongeza kwenye tanuri lile, na sitasema ni nini, kwa sababu maombi yake bado sijayapeleka. Nilimsihi angoje. Alinisikiliza vizuri, akakubali kila neno, na Jumapili akakipeleka kanisani.

Nilikimbia bila kuvaa saa. Nilikikuta mbele ya altare, kimefunikwa turubai la bluu mpaka chini na kufungwa kamba. Padri alizunguka akitafuta pa kunyunyizia, akakata tamaa, akamwaga maji juu ya turubai, na watu wakaitikia Amina. Upepo uliingia kwa mlango wa pembeni ukaanza kuinua kona moja. Kabla sijanyanyuka benchini, Paluku, aliyekuwa amekuja toka Vitshumbi kwa ajili hiyo tu, alikuwa ameshapiga magoti juu ya ile kona, kichwa chini, na hapo alibaki mpaka misa ilipokwisha.