Ubao Chini ya Kiti cha Rula

Mume wangu ni kinyozi, na watu wanamwita Rula. Hakujipa jina hilo mwenyewe, ingawa ukimsikia anavyolitamka utadhani alizaliwa nalo. Mwaka wa ishirini na sita huu anachonga mstari nyuma ya shingo za watu, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Na kwa kuwa kinyozi hajinyoi, kichwa chake namnyoa mimi, kila Jumapili, huku akinikosoa mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo shingo ya mume wangu naijua kuliko daktari yeyote.

Ndiyo iliyopinda kwenye teksi.

Alikuwa kiti cha nyuma, anarudi kutoka kununua mashine mpya ya kunyolea. Dereva akageuka kumweleza kwamba katika miaka kumi na miwili hajawahi kugonga hata kuku. Akaligonga lori la mchanga, tena limeegeshwa. Wakati huo Rula alikuwa ameinamisha kichwa kushoto dirishani, anamchungulia mtu anayetoka kwa kinyozi mwingine, ili apate cha kucheka. Nani alimtuma? Kichwa kikabaki huko huko, sikio karibu na bega. Dereva alitoka mzima, na hadi leo anasema lori ndilo lililokuwa vibaya.

Daktari alisema misuli ya shingo imeumia, na dawa yake ni mazoezi ya tiba, mara mbili kwa wiki, kwa miezi. Yakichelewa, shingo itakomaa ilivyo. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Sisi wetu tulitaka tumkunjue, naye ni hivyo hivyo, hakuna kusubiri. Lakini tiba yenyewe ilikuwa juu ya uwezo wetu. Mtu wa kulipa alikuwa bima ya ile teksi.

Basi tukaanza kudai. Ripoti ya polisi tukapeleka, ya daktari tukapeleka. Wakataka barua ya mwajiri wake. Jamani, mwajiri wake ni yeye mwenyewe! Akakaa mezani akajiandikia barua, na nilipoisoma nikakuta amejieleza kuwa ni mfanyakazi hodari, mwaminifu, asiyechelewa kazini. "Asiyechelewa?" nikamuuliza. "Mwajiri ndiye anayejua," akanijibu.

Bima wakajibu kwamba barua imepokelewa, ila hawajaona ushahidi kwamba ajali imeathiri kazi yake. Watamtuma mkaguzi amwone akinyoa.

Hapo ndipo tulipokwama, maana kazi ya Rula ilionekana safi kabisa. Na sababu naijua mimi.

Aliporudi kutoka hospitali alijijaribu kwanza kwa kaka yangu, shemeji yake, pale sebuleni kwetu. Mstari ulianza juu kulia ukateremka kushoto kama maji ya mfereji. Kaka yangu alivaa kofia wiki mbili, hata mezani. Rula hakulala usiku huo. Asubuhi nikamkuta dukani amepiga magoti, anasukuma kipande cha ubao chini ya miguu miwili ya kulia ya kiti cha wateja. Kiti kikalala kushoto, sawasawa na kichwa chake. Wote wawili wakipinda pamoja, mstari unanyooka.

"Wakiuliza, sakafu imebonyea," akaniambia. "Naomba, mama watoto. Kinyozi aliyepinda nani atampa kichwa chake?"

Nikamwahidi. Wateja wakawa wanakaa wameshika mikono ya kiti wasiteleze, wakishuka wanatafuta ukuta, lakini wakijitazama kwenye kioo wanaona kazi ya Rula yule yule. Naye akawa hageuzi shingo, anageuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa.

Niliposoma barua ya bima nikamwambia, "Baba watoto, siku hiyo toa ubao, unyoe ulivyo. Basi."

Alinigeukia, mwili wote, taratibu. "Nimharibu mtu kichwa kwa makusudi? Mimi?"

"Si makusudi! Ndivyo unavyonyoa!"

"Na wateja waliokaa kwenye benchi waone?"

"Mficha uchi hazai!"

"Watoto tunao wanne," akasema, "wanatosha."

Loo, nilitamani kumnyoosha mwenyewe kwa mikono yangu.

Mkaguzi akaja Jumamosi, duka limejaa. Kijana mwembamba, faili kwapani, nywele zimemfunika masikio. "Shikamoo, mzee. Ninyoe tu, nami nitaangalia kazi." Rula akamtandikia kitambaa kana kwamba anamvisha joho. Mimi nilikuwa nafagia nywele. Nilifagia pale pale kando ya ubao mpaka sakafu ikaanza kung'aa, nikikohoa. Rula akasema, "Mke wangu ana mafua," akaendelea. Amnyoe vizuri hivyo kwa nini? Sijawahi kuona mume akijitahidi namna ile kujikosesha haki yake.

Alipomaliza, mkaguzi alijiangalia mbele, akajiangalia nyuma kwa kioo kidogo, akatabasamu. Kesho kutwa, akasema, wanapigwa picha za vitambulisho vipya vya kazi, na hapo amependeza. Kisha akafungua faili, akaandika, akisoma kwa sauti: "Anafanya kazi kama kawaida." Akamsogezea kalamu. "Weka sahihi hapa, mzee, kwamba huna dai. Na nikuambie ukweli, hatukulaumu. Wengi wanajaribu. Hata shingo unaipinda vizuri, mtu asiyejua angeamini."

Mimi ufagio nilikuwa nimeshaunyanyua, Mungu anisamehe, sijui nilitaka kuupeleka wapi.

Rula aliiangalia kalamu, hakuishika. Najua anavyokuwa akikasirika: hasemi, masikio ndiyo hubadilika. Alishuka chini polepole, kwanza goti moja, halafu la pili, akanyoosha mkono akauchomoa ubao. Kiti kikatua sakafuni, ko! Akauweka ubao juu ya faili la mkaguzi.

"Kaa tena," akasema. "Nyuma sijamaliza."

Kijana akakaa. Nadhani hakuthubutu kukataa. Rula akawasha mashine, na mbele ya benchi zima akachonga mstari mpya juu ya ule wa kwanza, kwa utulivu, ulimi umemtoka kidogo kama kawaida yake. Akazima. Akarudi hatua moja kuuangalia, na uso wake ukatulia, maana yeye aliuona sawa.

"Umenyooka?" akauliza.

Wanaume watano kwenye benchi, wote ghafla wakawa wanasoma tangazo lile lile ukutani. Akanigeukia mimi, mwili mzima. "Mama watoto, umenyooka?"

Miaka yote ya ndoa nimembishia mtu huyu juu ya kila kitu, na siku hiyo nilitamani kumwongopea tu.

"Umepinda, baba watoto," nikasema. "Umepinda sana."

Akatikisa kichwa kidogo, kiasi anachoweza. Machozi yalinitoka, siwezi kuficha. Akachukua ubao ili aurudishe, amrekebishe kijana wa watu. Lakini mkaguzi alikuwa ameshajiona kwa kile kioo kidogo, akaruka kutoka kitini na kitambaa shingoni.

"Usiguse, mzee!" akasema. "Huu ni ushahidi!"

Akaenda nao ofisini. Nasikia alimgeuzia meneja kisogo, na meneja akainamisha kichwa chake ili aweze kuuona mstari umenyooka. Barua ya pili ilikuja kabla ya mwezi kwisha: bima italipa matibabu yote na siku alizokosa kazi. Kitambulisho chake kipya mkaguzi alituletea tukione. Kwa mbele haionekani kitu, lakini yeye anajua, na kila akija husema, "Na mimi kichwa changu nimdai nani?"

Kuhusu wateja, hakuna aliyehama. Walianza tu kusema walijua tangu mwanzo, waongo wakubwa.

Tiba ikaanza. Kila baada ya wiki kadhaa Rula akawa anaupeleka ubao kwa fundi seremala, unapigwa randa, unapungua. Mwanzoni ulikuwa na unene wa vidole vitatu. Ukawa viwili. Ukawa kimoja. Ukafika mahali unaweza kuukunja kwa mkono. Mimi nilikuwa nausoma ule ubao kila nikifagia, sikuhitaji daktari aniambie kitu.

Jumamosi iliyopita nikakuta kiti kimesimama kwa miguu yake minne. Aliyekaa ni mkaguzi. Rula akachonga, akazima mashine, akarudi hatua moja.

"Umenyooka?"

Ulikuwa umenyooka kama uzi. Lakini mtu huyo akisifiwa hatukai naye nyumbani.

"Umepinda kidogo," nikasema.

Akageuka kunikazia macho. Miguu ilibaki pale pale, mabega yakabaki pale pale, shingo peke yake ndiyo iliyogeuka.