Vikapu Sita Vilivyorudi Vitupu

Ilianza Ijumaa, saa tisa na robo alasiri, wiki ya pili ya likizo ya Juni. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimekaa nyuma ya lile pikipiki la matairi matatu la ushirika, simu ya mama mkononi, nikiikodolea macho kama mtu anayesoma ujumbe wa maana. Hakukuwa na ujumbe. Nilitaka tu mwenye hosteli asinisemeshe.

Mama alishusha vikapu sita vilivyojaa. Mwenye hosteli naye akamletea vile sita vya wiki iliyopita, vimeoshwa, vimekaushwa juani, vimepangwa kimoja ndani ya kingine. Mama akakiinua cha juu, akatazama ndani. Akainua cha pili. Akasema, "Asante sana, dada," kwa ile sauti anayoitumia kwa wageni rasmi, akapanda, akamgusa dereva begani twende.

Njia nzima hakusema neno. Mama yangu huwa anaongea mpaka na mbuzi wa watu barabarani, kwa hiyo nilijua kuna kitu.

Ushirika wetu ni wa wakulima wa huku mteremkoni, chini ya msitu, karibu wote wanawake. Familia za mjini Karatu zinalipia mwanzoni mwa msimu, halafu kila Ijumaa zinapelekewa kikapu cha chochote ambacho shamba limetoa wiki hiyo. Nyanya zikikubali, watakula nyanya. Zikikataa, watakula kilichokubali. Mwaka huu kilichokubali ni maboga. Ilikuwa wiki ya tatu mfululizo tunapeleka maboga, na majani ya maboga, na karoti chache za kusindikizia.

Kila mwanachama ana nyumba zake anazozilimia. Mama ana nyumba kadhaa za walimu, ana bibi mmoja wa Nainokanoka, na ana hosteli ya madereva wa watalii, ile ambayo madereva wanalala wageni wao wakiwa lodge. Hosteli peke yake inachukua vikapu sita. Nusu ya miche ya mama kwenye kitalu cha ushirika ilikuwa imeoteshwa kwa ajili ya hosteli hiyo, na asubuhi ya Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kila mtu kwenda kuchukua miche yake ya msimu wa kiangazi.

Sasa kuna jambo ambalo halijaandikwa kwenye katiba ya ushirika lakini kila mtu kwetu analijua. Chombo cha jirani hukirudishi kitupu. Ukiletewa unga kwenye bakuli, bakuli linarudi na kiazi, au na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi, au hata na yai moja. Si malipo. Ni kusema bado tupo. Chombo kikirudi kitupu, tena kimeoshwa vizuri, maana yake tumemalizana, usije tena, na hatujagombana. Bibi yangu mzaa mama alimaliza urafiki wa miaka mingi kwa sufuria moja safi.

Kwa hiyo Ijumaa, wanachama wakikusanya vikapu, wanachungulia. Walimu wanaweka ndimu, au kipande cha sabuni. Mwalimu mmoja huwa ananiwekea mitihani ya zamani ya hesabu, na mimi kwa kweli ningefurahi zaidi angeweka ndimu. Yule bibi wa Nainokanoka anakaa huko juu hifadhini, ambako watu wanafuga na hawaruhusiwi kulima. Kikapu chake kinapanda na gari la mjukuu wake na kinashuka na chupa ya soda iliyojaa maziwa mgando, imezibwa kwa gunzi la mahindi. Kinanuka moshi mpaka tunakipenda.

Na hosteli nayo, tangu ijiunge, vikapu vyake vilikuwa vinarudi na chapati za asubuhi zilizobaki. Mpaka Ijumaa hiyo.

Tulipofika nyumbani mama alivitupa vikapu pembeni ya banda la kuku, akakaa kwenye kigoda bila kuvua buti.

"Wiki iliyopita alisema," akaniambia. "Hukumsikia? Alisema, 'Maboga tena? Madereva wangu watabadilika rangi.' Nikacheka. Kumbe alikuwa ananiaga."

"Labda alikuwa anatania, mama."

"Utani wa vikapu sita?"

Akatoa simu, akampigia mwenyekiti wa ushirika, mama mmoja ambaye shamba lake limepakana na letu na tungeweza kumwita kwa mdomo tu. Nilimsikia mama akisema zile trei za miche ya hosteli azigawe kwa wengine kesho, yeye hana nyumba za kuzilimia. Halafu akaongea Kiiraqw, na mama akiingia kwenye Kiiraqw ujue Kiswahili kimeshindwa kubeba. Alisema huenda akamtafuta msimamizi wa dobi.

Kabla ya ushirika mama alikuwa anafua mashuka kwenye lodge moja karibu na geti la hifadhi. Alikuwa analala hukohuko na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi, mikono imepauka, amechoka kiasi kwamba siku yenyewe ya kuwa nasi analala. Kidato cha kwanza chote nimekisoma hivyo, nikipikiwa na shangazi. Hosteli ndiyo iliyomfanya akatae kurudi dobi. Bila ile hosteli, nyumba za walimu hazitoshi kutushikilia, na ninajua kwa sababu mama huniona bado mtoto na huongea na baba mbele yangu.

"Si umuulize tu?" nikasema.

Mama akaniangalia kama nimetukana. "Mtu amekurudishia chombo kitupu, unamfuata mlangoni kumuuliza kwa nini? Hiyo ni kuomba."

Akaenda kukamua ng'ombe.

Nilibaki navitazama vile vikapu. Nikaanza kufikiria zile chapati. Zilikuwa zinafungwa kwenye kitambaa kwa fundo la mbele, kama anavyofunga shangazi. Aliyekuwa anazifunga ni msichana wa jikoni pale hosteli, mtu wa Baray, wa huku kwetu, ninamjua kwa sura. Na leo hakuwepo. Vikapu alitoa mwenye hosteli mwenyewe, ambaye si mtu wa huku, alihamia na mume wake kwa ajili ya biashara.

Nikiandika hapa inaonekana rahisi. Ukweli ni kwamba nilizunguka banda la kuku mara nyingi kabla ya kuchukua kikapu kimoja na kutoka. Mimi siwezi hata kumwambia kondakta nashuka. Huwa nangoja mwingine ashuke kituo cha karibu na changu. Njia nzima ya kushuka mjini nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi. "Shikamoo, mama, samahani, nilikuwa nauliza." Nikifika kwenye "nauliza" nakwama, narudia "shikamoo." Mzee mmoja aliyekuwa anaswaga punda aliitikia marahaba, akidhani ni yake.

Nilimkuta mwenye hosteli jikoni nyuma, anakatakata boga. Hilo lilinitia moyo kidogo. Mtu anayeachana nasi angeanza na karoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si ndiye binti wa kwenye pikipiki, usiyeongea? Mama kasahau kitu?"

"Hapana."

Nikasimama pale. Akaendelea kukata. Kisu kikawa kinagonga ubao, na kila kikigonga mimi napoteza neno moja.

"Mwanangu, kama umetumwa, sema. Kama umepotea, kaa."

Nikakiinua kikapu mbele ya uso wangu, nikaongelea ndani yake, naona aibu hata kuliandika hili. "Mama anasema umetuacha. Kwa sababu vimerudi vitupu."

Kisu kikanyamaza.

"Vitupu vipi? Mimi nimeviosha kwa mkono wangu. Nilivisugua na brashi."

"Ndiyo. Na vimeoshwa."

"Sasa nilitakiwa nivirudishe vichafu?"

Ikabidi nimweleze. Nilianzia katikati, nikarudi mwanzo, nikamtaja bibi yangu na sufuria, nikamtaja yule bibi wa Nainokanoka na maziwa. Nilivyomaliza alikuwa ameweka kisu chini na ameshika kiuno.

"Kwa hiyo zile chapati," akasema polepole, "huyu binti wangu wa jikoni alikuwa hazipeleki kwa wanaume."

"Alikuwa anatuwekea sisi."

"Na mimi nimemsema wiki nzima. Chapati zangu zinaenda wapi, zinaenda wapi. Kaenda kwao kuvuna vitunguu, nikasema bora, chapati zitapumzika." Akaanza kucheka, bega linaruka. "Mwanangu, mimi nilidhani ni kama kreti la soda. Kreti unarudisha tupu, tena lenyewe ukiliosha unaonekana mstaarabu."

Nami nikacheka, nikashangaa kusikia sauti yangu mle jikoni.

"Na maboga?" nikauliza, maana nilishaanza. "Mama anasema umeyachoka."

"Nimeyachoka ndiyo. Kwani mama yako hajayachoka?" Akaniangalia. "Lakini nimelipia shamba, sijalipia nyanya. Alinieleza mwanzoni nikaelewa. Mwambie msimu ujao naendelea, vilevile sita. Ila akiweza kupanda figiri, apande nyingi. Madereva wanataka kitu cha kijani."

Halafu akakitazama kikapu nilichoshika. "Lete hicho."

Akaingia stoo. Nilimsikia anafungua makopo, anafunga, anajisemea kwamba kila kitu kilichomo humu ni cha hawahawa watu, sasa awape nini. Alitoka na kikapu kimefunikwa kitambaa, fundo limefungwa vibaya.

"Mwambie nimejifunza. Na wewe, siku nyingine usijifiche kwenye simu. Inakuwa imezimwa, naiona."

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amesimama barabarani na tochi, na kanga ameifunga kwa ule mtindo wa kukasirika. "Ulikuwa wapi?"

Nikampa kikapu. Akafungua fundo, akamulika. Zilikuwa mbegu za maboga, maboga yetu wenyewe, zimekaangwa na chumvi. Mama akachukua moja, akaitafuna hapohapo barabarani, akachukua nyingine.

"Ulimfuata," akasema.

"Ndiyo."

"Ukamuuliza."

"Alidhani ni kama kreti la soda."

Akatoa pumzi puani, akaanza kucheka na mdomo umejaa. "Chumvi imezidi," akasema. Akageukia upande wa shamba la jirani yetu mwenyekiti, na safari hii hakutoa simu. Aliita kwa mdomo, Kiiraqw, kwa nguvu hadi mbwa wakaamka: zile trei usizigawe.

Jirani akajibu kutoka gizani kwamba hakuwa amezigawa. Alikuwa anangoja mama apoe.

Asubuhi yake nilienda kitaluni na mama kukiwa bado na ukungu. Kati ya trei za hosteli nilichukua zile za figiri, nikabeba mbili kichwani, nikapanda shambani kwetu mistari mitatu ya chini, ile iliyo karibu na mfereji. Zile mbegu za kukaanga nilikuwa nazo mfukoni. Kila nikimaliza mstari nilikula chache, na kweli, chumvi ilikuwa imezidi.