Betri Iliyochukua Kiti Changu

Maji makali ya betri yana harufu inayokwaruza koo na kuacha ladha ya chuma kwenye ulimi. Mpaka leo nikipita mahali wanapochaji betri hapa Mpanda mjini, nasimama kidogo, nafungua mkoba na kujifanya natafuta kitu. Wapita njia hudhani nimesahau funguo. Sijasahau chochote. Naivuta tu ile harufu, maana ndiyo ilikuwa harufu ya gari la baba, ikichanganyika na ya asali na nta. Nilikuwa na miaka minane wakati huo, na kuna majira fulani ya kiangazi niliichukia betri kama mtu anavyomchukia mtu mwenzake.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 403 kuukuu, rangi ya maziwa, baba alilinunua kwa padri mmoja aliyehamishwa. Katika miaka ile ya sabini magari ya watu binafsi pale kwetu Kawajense ulikuwa unayahesabu kwa majina ya wenyewe. Kila Jumamosi asubuhi baba alipakia madebe matupu akaenda Ugalla kununua asali kwa wafuga nyuki, akarudi yamejaa, na Jumatatu akayapeleka stesheni yapande treni. Shida ilikuwa kwenda. Buti likiwa na madebe matupu, gari lilikuwa jepesi nyuma, na tairi zinazosukuma ni za nyuma. Likifika kwenye mchanga zinazunguka bure na kujichimbia shimo. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa mnene, jamani, tena mnene wa haki; ndugu zangu waliniita Gunia. Baba akatangaza mbele ya nyumba nzima kwamba gari linahitaji uzito nyuma, na uzito huo ni mimi. "Haya mama, panda," alikuwa akiniambia. "Kaa katikati ya kiti, shika kiti cha mbele kwa mikono miwili." Nami nilikaa katikati hasa, nikabana pumzi kila tulipoukaribia mchanga, nikiamini kabisa kwamba nikisogea hata kidogo tutakwama.

Nyumbani tulikuwa wanane, na mimi nilikuwa wa tano. Wa tano hashirikishwi mambo kama wa kwanza, wala habebwi kama wa mwisho. Baba alikuwa wa wote, na anayegawanywa kwa wanane anabaki kipande. Lakini njia ya Ugalla ilikuwa yangu. Alinionyesha miti ya mninga na mtundu, alinisimulia jinsi alivyomwogopa babu yangu siku alipokwenda kuposa, aliimba nyimbo za kanisani akikosea maneno na hakutaka kurekebishwa. Wakati wa kurudi madebe yamejaa, sina kazi tena, mara nyingi nililala. Kaka yangu mkubwa, Deusi, aliwahi kuuliza kwa nini baba asiweke tu kiroba cha mchanga kwenye buti. Baba alimtuma akachote maji.

Kisha kibati kilichoshikilia betri mbele kikaoza kwa kuliwa na maji makali. Isitoshe, betri ilikaa karibu mno na injini. Kwenye joto la mwezi wa kumi maji yake yalikauka kila wiki, na asubuhi gari lilikuwa halitaki kuwaka mpaka sote tutoke kulisukuma. Baba akamwita Fundi Sadiki, jirani yetu, mtu mwembamba mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Fundi alichungulia chini ya boneti, akasonya, akasema dawa ni moja tu: betri ihamie nyuma, kwenye buti.

Kazi ilifanyika uani kwetu, siku mbili nzima, na hakuna mtoto aliyetaka kutumwa popote. Alitengeneza sanduku la mbao za mninga, akaliweka pembeni mwa buti, akalikaza kwa boliti. Akatoboa tundu la mpira mwembamba wa kutolea hewa, maana betri ikipumua ndani ya buti lililofungwa, alisema, cheche moja tu ingetosha kuturusha. Waya mnene wa stata ulipita chini ya zulia mpaka mbele, na wa pili akaufunga kwenye bodi baada ya kukwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Pale waya mnene ulipotoboa bati alitaka mpira, ili bati lisije likaukata. Baba akanigeukia. "Mama, ile kandambili yako iliyokatika iko wapi?" Nikaikimbilia. Fundi akakata kipande cha kisigino, akakitoboa, akakipachika. Nilijiona mtu wa maana kweli. Sikujua nimeshiriki kujifukuza kazi.

Betri ilipoingia kwenye sanduku na gari likawaka mara moja, Fundi Sadiki alifunga buti, akalipiga kofi. "Tena umepata faida mbili, Mzee!" alisema kwa ile sauti yake, mama akisikia, ndugu zangu wote wakisikia. "Sasa uzito uko nyuma. Huyu Gunia apumzike!" Watu wakacheka. Baba pia alicheka, lakini kidogo, kisha akainama kufuta mikono ambayo haikuwa michafu.

Jumamosi iliyofuata nilivaa mapema, nikasimama kando ya mlango wa gari. Baba alinitazama, akawatazama wenzangu waliokaa kwenye ngazi wakisubiri kuona. "Leo baki, mama. Betri inatosha." Akaondoka. Loo! Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mama aliniita nikamsaidie kuchambua mchele, nikachambua mawe na mchele vyote nikatupa. Jumamosi ya pili ikawa vilevile. Deusi akanitungia jina jipya: Gunia Tupu.

Sasa mimi ni mbishi, sikuanza jana. Nilikwenda kwa Fundi Sadiki nikamuuliza betri ina kilo ngapi. Akasema kama kumi na tano hivi. Jumatatu nikamfuata baba stesheni na madebe yake, na alipokuwa akizungumza na watu nikapanda kwenye mizani ya mizigo. Karani, mzee mcheshi, akasogeza vyuma vyake kwa makini kabisa kisha akasoma kwa sauti: kilo ishirini na saba. Nilirudi nyumbani nikirudia namba hiyo moyoni nisije nikaidondosha njiani.

Mchana ule, tumezunguka ugali, nikasema mbele ya wote: "Baba, betri ina kilo kumi na tano. Mimi nina ishirini na saba. Nimeizidi." Baba aliweka tonge chini. Uso wake ulifunguka, na alipoongea aliongea na meza nzima, si na mimi. "Mmemsikia? Hesabu ni hesabu. Betri peke yake haitoshi." Mama alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga, mabega yakimcheza.

Jumamosi nikapanda, nikakaa katikati, nikashika kiti. Betri nyuma yangu, mimi mbele yake, kilo arobaini na mbili kamili. Tulifika kwenye korongo la mchanga, nikabana pumzi, na tukakwama. Tukakwama palepale tulipokuwa tukikwama siku zote! Tulishuka, baba akakata matawi ya kuweka chini ya tairi, nami nikasimama nikiwaza. Ndipo ikanijia.

"Baba, hata zamani nikiwa nimekaa tulikuwa tunakwama."

"Kila wiki," alisema, akiendelea kusukumiza matawi.

"Sasa ulikuwa unanichukulia nini?"

Alijifuta jasho. "Ningewaambia nini wenzako saba? Kwamba napenda maneno yako kuliko ya kwao? Nilisema uzito. Halafu Fundi naye na mdomo wake!" Akacheka, akanipa tawi. Nililiweka chini ya tairi kwa furaha, na sijawahi kumwambia mtu maneno yale ya baba mpaka leo.

Siku hizi hakuna anayesukuma gari asubuhi Kawajense, na vijana wanabadilisha betri bila kujua ndani mna nini. Baba amevuka tisini. Amekonda, nadhani hafiki hata kilo hamsini. Jumapili iliyopita nilimfuata nimpeleke misa kwa gari langu, na ndugu zangu wawili nao walikuwepo na magari yao, kila mmoja akitaka apande kwake. Baba alisimama na mkongojo wake, akawatazama, akanitazama.

"Unanichukulia nini?" akaniuliza kwa sauti, wote wasikie.

"Nataka uzito nyuma, Baba. Mbele kuna mchanga."

Kutoka pale mpaka kanisani ni lami tupu. Baba aliitikia kwa kichwa, kwa uzito kabisa, akaingia, akasogea mpaka katikati ya kiti, akashika kiti changu kwa mikono miwili.